Wanaotetea wanyonge kwa jina la Yesu: imani ndiyo inawasukuma au kuna kingine?

#1 Mtu wa Mwaloni

Wakuu, salaam. Kuna jambo limetokea kwenye mwalo mmoja (pale mitumbwi inapotia nanga na samaki kuuzwa) huku Ilemela, Mwanza, limenishinda, nalileta kwenu.

Wanunuzi wa dagaa wakavu wanaotoka mjini huja na ndoo zao wenyewe. Wanaojua wanajua: ndoo ya plastiki ya lita 20 unaimwagia maji yanayochemka, ikilainika unaisukuma kwa ndani mpaka inaota kitambi, ikipoa inabaki hivyo hivyo. Kwa nje maandishi ni yale yale, lita 20. Mama aliyekesha akianika analipwa ndoo moja wakati ametoa moja na ushee. Kila mtu analijua na kila mtu kanyamaza, maana ukigomba unarudi na mzigo wako nyumbani.

Sasa mama mmoja, mwenyekiti wa jumuiya yao, siku ya soko akaja na ndoo mpya ya dukani, karatasi bado imebandikwa. Akachota maji ya ziwa hadi mdomoni, akayamimina kwenye ndoo ya mnunuzi mbele za watu. Pakabaki pengo la viganja viwili. Hakutukana mtu. Akasema, "Haya, anayetaka dagaa wangu apimie hii ya kwangu."

Wanunuzi wakaususa mwalo. Wenzake wengine wakamgeuka, eti kawaharibia riziki. Nikamuuliza nini kilimfanya ajitose, akasema jumuiyani walisoma Amosi sura ya 8, pale panapotajwa wafanyabiashara wanaochezea vipimo, na usiku ule usingizi haukuja. Mumewe alikuwa pembeni, akacheka: "Usimsikilize huyu, ni mkorofi tangu darasa la tatu."

Swali: nani mkweli, mama au shemeji, yaani mumewe? Mtu akipigania haki za wengine na kusema Ukristo ndio umemtuma, tumwamini?

#2 Fundi Injini

Mkuu, umewafundisha maji ya moto hata ambao hawakuwa wanajua. Ngoja uone soko la Kirumba wiki ijayo.

#3 Mwalimu Mstaafu Nyakato

Mimi namwamini mama. Ukorofi ni kuni tu, imani ndiyo kiberiti. Wakorofi wamejaa stendi ya Nyegezi, mbona hawapimi ndoo ya mtu?

Haya mambo hayakuanza jana. Papa Leo XIII aliandika barua juu ya hali ya wafanyakazi mwaka 1891, akasema ujira lazima umtoshe mtu kuishi. Nyerere alibatizwa 1943, na hadi uzeeni alikuwa mtu wa misa. Mwaka 1970 aliwaambia Masista wa Maryknoll pale Musoma kwamba Kanisa haliwezi kukaa pembeni. Na Mkatoliki mwenzake Paul Bomani ndiye aliyewaunganisha wakulima wa pamba wa Usukuma. Mnataka ushahidi gani tena?

#4 Nshomile wa Kashai

Shikamoo Mwalimu. Nakurekebisha mawili kwa heshima zote.

Hotuba ile aliitoa New York, Oktoba 1970. Musoma ndiko Maryknoll walikokuwa na misheni, hapo ndipo mambo yamechanganyika. Na maneno yalikuwa makali kuliko ulivyoyaweka: Kanisa lisiposhiriki kupambana na miundo inayowafanya watu wawe maskini, litahesabiwa upande wa dhuluma.

La pili, Bomani hakuwa Mkatoliki. Ni mtoto wa mhubiri Msabato.

Lakini umegusa jambo ambalo mleta uzi atalipenda. Ugomvi wa pamba nao ulianza kwenye kipimo. Wakulima waliamini mizani ya wanunuzi inawaibia, kwa hiyo miaka ya mwanzo ya 1950 wakaweka wapimaji wao, mtu ajue uzito wa pamba yake kabla hajafika kwa mnunuzi. Hapo vikaota vyama vya msingi, na 1955 ukaundwa muungano wao, VFCU, makao yake hapo hapo Mwanza. Yaani mama wa ndoo hajagundua kitu, ameendelea pale walipoishia.

#5 Mwalimu Mstaafu Nyakato

Marahaba. Basi na Wasabato wamo, umeniongezea jeshi.

#6 Hamisi Makoroboi

Assalaam aleikum. Mnaongea kana kwamba kipimo ni mali ya Wakristo. Qur'ani ina sura nzima, ya 83, Al-Mutaffifin, inaanza kwa ole kwa wanaopunja: wakipimiwa na watu wanataka kijae, wakiwapimia watu wanapunguza. Huyo mnunuzi wa ndoo yenye kitambi ametajwa pale waziwazi kuliko huko kwa Amosi. Amosi analaumu wauzaji waliopunguza kipimo, huyu wenu ni mnunuzi aliyekiongeza.

Baba yangu aliuza nafaka maisha yake yote, mizani aliifuta vumbi kabla ya kila mteja. Kwa hiyo swali lako lisiwe "Ukristo?", liwe "kumwogopa Mungu?"

#7 Sina Parokia

Wakuu wote mnaruka jambo lililo wazi. Ameshasema mama ni MWENYEKITI WA JUMUIYA. Siyo muumini tu.

Jumuiya ni nini? Kaya chache za mtaa mmoja, wanakutana kila wiki nyumbani kwa mtu, wanajuana nani anadaiwa na nani ana mgonjwa, wana mfuko wa msiba, wana daftari, na mwanamke anaweza kuwa kiongozi bila kuuliza mtu. Kwenye mwalo ni chombo gani kingine kina hayo? Chama cha siasa kinakuja wakati wa kura. BMU, kile kikundi cha kusimamia mwalo, kila mtu anajua inakula na nani. Mkiniuliza mimi, kilichompa nguvu ni lile benchi na wale watu waliokalia benchi. Biblia ingekuwa ya kikundi cha upatu, angesema upatu umemtuma.

Halafu mkimtaja Nyerere mtajeni mzima. Huyo huyo mtu wa misa ndiye wa Operesheni Vijiji. Watu walihamishwa kwa nguvu, na nyumba nyingine zilichomwa. Vyama vya ushirika alivyovijenga Bomani vilifutwa 1976, chini yake. Imani ilikuwa likizo?

#8 Binti Kayenze

Naomba niongee, maana mnawasifu sana wa makanisani.

Kaka yangu ni mvuvi wa dagaa. Mgao wao unajulikana: pesa ya mauzo inatolewa mafuta, chakula na matengenezo, inayobaki nusu kwa tajiri (mwenye mtumbwi), nusu wanagawana waliomo mtumbwini. Tatizo ni zile "gharama". Tajiri anaandika mwenyewe, anasoma mwenyewe. Betri ya taa ilikufa mara moja, ikakatwa giza baada ya giza, yaani kila msimu wa usiku usio na mwezi tunapovua. Mwezi ukiwaka hawaendi ziwani, hakuna kinachoingia, na deni linawasubiri.

Walipochoka walikwenda kwa mchungaji, kanisa letu mimi na kaka na huyo tajiri. Hawakuomba mgomo, waliomba aitwe tu, daftari lifunguliwe mezani. Mchungaji akawafungulia Waefeso 6, watumwa watiini mabwana zenu. Akawaambia samehe saba mara sabini. Jumapili iliyofuata tukatangaziwa nani amejitolea mabati ya jengo jipya. Mnajua ni nani.

Kwa hiyo Sina Parokia, hata hilo benchi lako, inategemea nani amelinunua.

#9 Fundi Injini

Waefeso 6 hiyo hiyo mstari wa 9 inawaambia mabwana waache kutisha watumwa wao, na kwamba Bwana wao wote yuko mbinguni. Mchungaji pumzi zilimwishia mstari wa 8.

#10 Jakisumu

Hamjambo nyote. Nawasoma kutoka upande huu wa ziwa, Kenya. Huku tulikuwa na Archdeacon Walter Owen wa CMS, shirika la wamisionari wa Kianglikana. Settlers (walowezi wa Kizungu) walimpachika jina la "Archdemon" kwa vile aliandika bila kuchoka juu ya kazi za kulazimishwa na kodi. Mwaka 1923 alianzisha Kavirondo Taxpayers' Welfare Association kutetea watu wa Nyanza. Mzungu, kasisi, anagombana na Wazungu wenzake. Ni nini kingine kinaweza kumsukuma mtu hivyo isipokuwa Injili?

#11 Nyar Gem

Jakisumu hiyo historia umeianzia katikati ndugu yangu. Chama kilizaliwa Desemba 1921 kule Lundha, Gem, kikiitwa Young Kavirondo Association, watu wakakiita Piny Owacho. Walioanzisha ni Waafrika waliosoma Maseno, akina Jonathan Okwiri, wenyewe Wakristo. Walidai kipande (kitambulisho cha lazima cha wafanyakazi Waafrika) kiondolewe, kodi ishuke, kambi za kazi zifungwe, na Kenya isiitwe koloni. Owen aliingia chamani 1923, akawa rais, jina likabadilishwa. Mnajua wanachama wakaanza kuahidi nini? Kuua panya, kuchimba vyoo, kupanda miti.

Wengine husema aliwapa ulinzi, bila yeye wangefungwa. Wengine husema aliwatuliza. Mimi nasema Ukristo ulikuwa pande zote mbili za ile meza. Uliowafanya waulize maswali na uliowapa jembe wakachimbe choo.

#12 Jakisumu

Choo nacho ni haki ya kijamii, usikidharau. 😂 Lakini Lundha nimekubali.

#13 Mapanki Tupu

Samahani kuwakatiza, bei ya dagaa Kirumba leo ikoje? Maana sangara sisi tumeshaachiwa mifupa.

#14 Ng'wana Bukumbi

Mwangaluka. #13 fungua uzi wako.

Nyumbani kwetu ni Bukumbi, ambako Mapadre Weupe walifungua misheni 1883. Wazee walikuwa wanasimulia watoto waliokombolewa utumwani, mapadre wanatoa bidhaa, mtoto anabaki misheni. Mmoja wa waliokombolewa na shirika hilo, Adrian Atiman, alichukuliwa utumwani huko Afrika Magharibi akiwa mtoto, akasomea udaktari Malta, akaja Karema mwaka 1889 na kutibu watu hadi uzee. Huwezi kumwambia mtu kama yule kwamba imani ilikuwa kisingizio.

Lakini mkubwa wao Kardinali Lavigerie alipozunguka Ulaya mwaka 1888 akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa, wanasiasa nao walikuwa wanasikiliza kwa sikio lao. Mjerumani alipata sababu nzuri ya kuleta jeshi pwani. Na baada ya kuitawala nchi hakuufuta utumwa. Tanganyika ulifutwa kisheria mwaka 1922, Mwingereza akiwa ameshaingia. Huruma ya mmoja ikawa tiketi ya mwingine. Nani alaumiwe hapo, mimi sijui kupima.

#15 Mkurya Sirari

Mnazunguka sana na vitabu. Njooni Mara.

Sheria ya 1998 inakataza kumkeketa binti wa chini ya miaka 18. Kule Masanga, Tarime, masista wanapokea mabinti wanaokimbia msimu wa Desemba. Mugumu kuna nyumba salama iliyoanza 2014 chini ya Waanglikana wa Dayosisi ya Mara. Sawa, ni Wakristo. Ila wazazi waliokimbiwa nao ni Wakristo, wanakomunika meza moja! Ng'ombe wa mahari wanabarikiwa kwa sala ile ile. Imani moja inawezaje kuzaa anayekimbiza na anayeficha?

Shangazi yangu alimpoteza binti kwa kutoka damu baada ya kukatwa. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaanza kuficha mabinti wa watu nyumbani kwake, anawalaza jikoni, anafunga mlango anaweka na jiwe. Wazee wa ukoo walimtenga. Ukimuuliza leo atakuambia Bwana alimtuma, na mstari anao. Mimi nilikuwepo. Mstari aliutafuta baadaye. Kilichomsukuma ni yule mtoto.

#16 Sina Parokia

Hapo sasa. Uchungu kwanza, andiko linafuata kama risiti.

#17 Nilikuwa Mnovisi

Habari za jioni. Nilikaa utawani kabla ya kuolewa, kwa hiyo naongea kama mtu aliyeyaona kwa ndani.

Mkurya, pole sana kwa shangazi, na Mungu ambariki. Lakini jibu lako halitoshi. Waliofiwa kwa namna ile ni wengi. Wengi wao walimpeleka na binti wa pili. Uchungu peke yake mara nyingi unamfanya mtu awe mkali tu, aseme "na mimi nilipitia". Kwa nini yeye alifungua mlango? Kuna kitu kilimwambia kwamba wale mabinti wa watu ni wake. Hicho ndicho mnachokitafuta, sijui mkiite nini.

Nyongeza. Mnachanganya huruma na haki. Tazameni Bugando: hospitali kubwa iliyojengwa na Kanisa kwa msaada wa Wakatoliki wa Ujerumani kupitia shirika lao la Misereor, ikafunguliwa 1971, Serikali ikaitaifisha 1972, ikarudi mikononi mwa maaskofu 1985. Kazi kubwa, na hakuna tajiri anayechukia hospitali ikijengwa. Kutibu mtoto mwenye utapiamlo unapigiwa makofi. Ukiuliza kwa nini mtoto wa mwaloni ana utapiamlo wakati samaki wanapita mbele ya nyumba yao wakielekea kiwandani, makofi yanakata. Utawani tulifundishwa vizuri sana la kwanza. La pili tulilisoma darasani, tukafanya mtihani, basi.

#18 Hamisi Makoroboi

Dada hapo umenena. Kwetu nako zaka inatolewa, picha zinapigwa. Anayeuliza maskini wametoka wapi anaambiwa ana fitina.

#19 Nshomile wa Kashai

Kwa upande wa Bukoba niongeze. Uamsho ulipotuingia kule Kagera, waliookoka walikuwa wanarudisha vitu. Mtu anakuja na jembe aliloiba, analiweka mlangoni, anaungama mbele za watu. Hakuna chama, hakuna mfadhili, hakuna aliyefiwa. Sina Parokia, hilo unalielezaje kwa nadharia ya benchi?

Ila niwe mkweli: walirudisha majembe, lakini mwenye shamba na mpangaji wake hawakuguswa. Walitubu cha mtu mmoja mmoja.

#20 Sina Parokia

Naeleza hivi: kuungama mbele za watu ni benchi lingine. Linakuona, linakukubali. Lakini nakiri jembe lenyewe linanipa taabu kidogo.

#21 Mtu wa Mwaloni

Asanteni wakuu. Naleta kilichoendelea.

Mnunuzi mmoja amerudi, kaja na mizani ya kilo. Akina mama wakashangilia, ugomvi mpya ukazaliwa saa hiyo hiyo: jamaa anasema dagaa wenu wana mchanga, mnaanika chini makusudi wapate uzito. Na kweli wapo wanaofanya hivyo, tusidanganyane. Kilo inampunja mnunuzi palepale ambapo ndoo ilikuwa inampunja mama.

Yule mwenyekiti akawaambia wenzake wachekeche kabla ya kupima, na atakayeonekana na mchanga arudi nyuma ya foleni. Weee! Sasa hata waliomuunga mkono wamemnunia. Wanasema huyu yuko upande gani?

#22 Mwalimu Mstaafu Nyakato

Hapo shemeji ameshindwa kesi. Mkorofi angekuwa upande wa wenzake. Huyu amekwenda dhidi ya mfuko wake.

#23 Fundi Injini

Au ni mkorofi wa daraja la juu, anawakorofisha wote. 😅

#24 Mkurya Sirari

#17 nimekusoma. Sijashawishika, ila nitamuuliza shangazi Desemba nikienda. Atanifukuza.

#25 Mama Chekecheo

Mimi ni mmoja wa akina mama, si wa mwalo huo, wa jirani. Mnasema imani, benchi, uchungu. Hamjauliza pesa. Ukianika mchangani mvua moja imekumaliza, ukianika kwenye chanja dagaa wanakauka safi na wanapata bei nzuri. Chanja ni mbao na nyavu, mtaji. Huyo mama ana chanja. Anaweza kumudu kudai kuchekecha, yeye hana mchanga! Simsemi vibaya, ila haki ya mwenye chanja na haki ya asiye na chanja haziko sawa.

#26 Nilikuwa Mnovisi

Mama Chekecheo, hiyo imeniingia. Mtu wa Mwaloni, ni kweli ana chanja?

#27 Mtu wa Mwaloni

Anayo. Moja ni ya jumuiya, ameazima, wanapokezana wiki kwa wiki. Wasio wa jumuiya hawamo kwenye zamu.

#28 Hamisi Makoroboi

Wasio wa jumuiya maana yake na sisi Waislamu?

#29 Mtu wa Mwaloni

Kwa sasa, ndiyo. Nilimgusia, akasema chanja si yake peke yake, lazima wakae kikao.

#30 Ng'wana Bukumbi

Hapo ndipo tutajua ni Amosi au ni benchi.

#31 Jakisumu

Mambo haya yakiiva yanaishia kwa maaskofu na siasa. Huku askofu Henry Okullu wa Maseno South alipinga chama kimoja mwaka 1990, wanasiasa wakamwambia kama anataka siasa avue joho. Na nyie maaskofu wenu Wakatoliki walitoa tamko la kupinga mkataba wa bandari Agosti 2023, tukawasoma hadi huku.

#32 Nshomile wa Kashai

Bandari ina uzi wake, una kurasa mia na kitu, usituletee hapa. Lakini angalia: waliowasifu maaskofu ule mwaka ni wale wale waliowaambia wakae kanisani walipogusa chama chao. Na kinyume chake. Tunapenda nabii anapomsema jirani.

#33 Sina Parokia

Binti Kayenze (#8), umepotea. Nilitaka kukuuliza: baada ya ile ya mabati, bado unasali pale? Na kaka?

#34 Binti Kayenze

Nipo, nilikuwa naanika. Kaka alihamia mtumbwi mwingine, kanisani haendi, anasema akitaka kusamehe atasamehe akiwa ziwani. Mimi naenda. Sadaka ya mfuko wa msiba natoa, maana huo tunaushika wenyewe akina mama na daftari linasomwa kila mwezi. Ya jengo sitoi hata shilingi, na mhazini ameshaacha kuniuliza.